Mawe ya Uluguru, Pare na Usambara yalikunjwaje bila kuvunjika, na nguvu hiyo ilitoka wapi?

#1 Mkaa Bondwa
Wakuu, salaam.

Anayepanda kutoka Morogoro mjini kwenda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, atayaona mawe haya kwenye kingo za njia na kwenye vijito. Mistari myeupe na myeusi inapishana, na hainyooki hata kidogo: imekunjwa, ikarudi ilikotoka, kisha mkunjo wenyewe ukakunjwa tena. Ukiligonga jiwe hilohilo kwa nyundo linaruka vipande. Halipindi.

Sasa kitu kigumu hivi kilikunjwaje kama hakikuvunjika? Na nani alikikunja? Madai yangu ni haya: mabara mawili yaligongana zamani, milima ikainuka, na Uluguru, Pare na Usambara za leo ni mabaki ya milima ileile. Anayepinga aje na hoja.

#2 Mwalimu Chaki
Mkuu, hili lipo kwenye jiografia ya sekondari. Kani mbili zinasukumana, matabaka yanapinda, tunapata milima ya mikunjo. Ndivyo zilivyopatikana Uluguru, Usambara, Meru, Kilimanjaro na mingine. Fumbo liko wapi?

#3 Dira na Nyundo
Mwalimu, Meru na Kilimanjaro zitoe kwenye orodha hiyo. Hizo ni volkano, na Kilimanjaro yote haijafikisha miaka milioni 3. Mawe anayoyasema Mkaa Bondwa ni naisi, na yalipikwa na kukunjwa yapata miaka milioni 640 iliyopita. Hata dinosau hawakuwepo, bado miaka milioni 400 na ushei.

Kuhusu ugumu: jiwe ni gumu kwenye joto letu hili la juu ya ardhi. Lishushe chini, lipashe moto, halafu lisukume polepole. Madini ya kwazi huanza kutiririka yakiwa bado yabisi kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Madini ya feldispa yanataka zaidi, kama 450 hadi 500. Miamba ya Uluguru, Pare na Usambara ilifika nyuzi karibu 800, na mgandamizo wa kilobari karibu 10, yaani uzito wa mwamba wa kilomita 35 juu yake. Hapo madini mengi ya kawaida hayakatai kupinda.

Na muda usisahauliwe. Bamba la dunia likisogea sentimita 5 kwa mwaka, kwa miaka milioni moja limekwenda kilomita 50. Nyundo yako inalipatia jiwe sehemu ndogo ya sekunde, ndiyo maana linavunjika.

#4 Shisti Nyeusi
Dira, nyuzi 800 si linayeyuka? Mimi nimeona hayo mawe, yale meupe yanaonekana kabisa yaliwahi kuwa majimaji, yamepenya kila mahali. Nadhani lote lilikuwa uji, likakoroga, likaganda. Mikunjo ni alama ya mkorogo.

#5 Mama Ganeti
Shisti, nusu ya hoja yako inasimama. Vishipa vyeupe vingi ni kwazi na feldispa zilizoyeyuka kwanza, kwa sababu ndizo huyeyuka mapema zaidi, hasa panapokuwa na maji. Mwamba wa namna hiyo tunauita migmataiti. Lakini haukuyeyuka wote. Kama ungeyeyuka wote, punje za ulanga na hornblendi zisingekuwa zimelala upande mmoja. Magma iliyotulia ikiganda hutoa punje zilizoelekea popote. Hapa zimelala kama zimeamriwa.

Mpangilio huo wa punje bapa ndio foliesheni, na ndiyo kitu cha kwanza kupima ukiwa uwandani. Madini bapa hugeuka hadi yakae mraba na msukumo, na mapya huota yakifuata njia hiyo. Kwa hiyo mwamba mzima ni kumbukumbu ya upande uliobanwa.

Isipokuwa, na hili ni la muhimu, yale majimaji machache yanalegeza mwamba kupita kiasi. Asilimia chache tu za umajimaji kati ya punje zinatosha mwamba upoteze sehemu kubwa ya nguvu zake. Inawezekana mikunjo mingi mizuri aliyoiona Mkaa Bondwa ilitengenezwa katika kipindi hicho, si kabla wala baada.

#6 Mpare wa Gonja
Asante kwa darasa. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Kilomita 35 chini nani alikwenda akapima? Shimo refu kuliko yote lililochimbwa na binadamu, kule Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na kidogo.

#7 Mama Ganeti
Swali zuri sana ndugu yangu. Hakuna aliyekwenda, ila madini yalikwenda yakarudi.

Chukua kayanaiti, silimanaiti na andalusaiti. Kemia yao ni ileile moja: alumini, silika, basi. Lakini kila moja hukaa katika mazingira yake. Kayanaiti hupenda mgandamizo mkubwa, silimanaiti joto kubwa, andalusaiti haipendi kubanwa. Zote tatu zinakutana kwenye nyuzi 500 hivi na kilobari 4 hivi. Ukiokota jiwe ukaona ipi imeota kwanza na ipi imeila mwenzake, umeshajua njia mwamba uliyopita.

Halafu kuna madini ya ganeti. Ganeti na ulanga mweusi vikikaa pamoja, vinagawana chuma na magnesi, na mgawo huo hubadilika kulingana na joto. Unasaga kipande cha jiwe mpaka kinapitisha mwanga, unapima kemia ya punje kwa mashine, unapiga hesabu. Makosa yapo, tena ya makumi ya nyuzi. Lakini huwezi kukosea kutoka kilomita 35 hadi kilomita 5.

#8 Kitabu Kimechakaa
Naongeza historia kidogo maana naona inasahaulika. Ukanda huu wa miamba unaitwa Ukanda wa Msumbiji, na aliyeupa jina ni Arthur Holmes, mwanajiolojia Mwingereza. Mwaka 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini, hakupata cha maana, akarudi kwao na malaria. Baadaye, katika andiko la mwaka 1951, ndipo akautenganisha huu ukanda na miamba ya jirani.

Na alitumia nini? Muundo. Aliona upande wa magharibi miamba ya kratoni, yaani kiini cha kale cha bara, ina mwelekeo wake, halafu ghafla mwelekeo wa kaskazini-kusini unaukata. Kwa hiyo ukanda mzima ulitambuliwa kwa mikunjo na foliesheni kabla hata umri wake haujajulikana vizuri.

#9 Mwalimu Chaki
Kitabu, si ndiyo hiyo inaitwa Pan-Afrika? Holmes ndiye aliyeleta?

#10 Kitabu Kimechakaa
Hapana Mwalimu, hiyo ni ya mwanajiolojia W. Q. Kennedy, mwaka 1964, na ni jina la tukio lililopika miamba sehemu nyingi za Afrika. Na jina la Orojeni (ukanda wa kujengeka kwa milima) ya Afrika Mashariki, linalounganisha ukanda wetu na miamba ya Sudan, Misri na Uarabuni, lilitolewa na Robert Stern mwaka 1994. Majina matatu yanakutana kwenye ukanda mmoja, ndiyo maana wanafunzi wanachanganyikiwa.

#11 Kijana wa Voi
Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Ukanda huu hauishii Tanzania, unapita kwetu Taita na Kasigau na kuendelea kaskazini.

Nina pingamizi kwa Mkaa Bondwa. Ikiwa mabara mawili yalikuja yakagongana, moja kutoka mashariki na jingine likiwa magharibi, basi miamba ilipaswa kunyooshwa kuelekea magharibi, juu ya kratoni. Nilipopima kwetu, mistari ya mnyoosho juu ya foliesheni, ile unayoiona punje zimerefuka kama zimevutwa, mingi imeelekea kaskazini-kusini. Inafuata urefu wa ukanda! Mgongano wa ana kwa ana haukupi hicho. Kinachokupa hicho ni mabara kupishana kwa ubavu, moja likienda kaskazini na jingine kusini.

#12 Dira na Nyundo
Kijana wa Voi, karibu. Vipimo vyako sina shaka navyo, ila usivitandaze ukanda mzima. Mimi nimepima Pare Kusini na sehemu za Usambara Magharibi: foliesheni nyingi zinainama kuelekea mashariki, mwinamo wa wastani, na mnyoosho mwingi unashuka nao mashariki. Nikitazama punje za feldispa zenye mikia (mikia huonyesha mwamba ulisogea upande gani), upande wa juu umesogea magharibi. Hapo picha ni ya miamba kupandiana kuelekea kratoni, kama Mkaa Bondwa anavyodai.

#13 Kijana wa Voi
Kwa hiyo wewe una mashariki-magharibi, mimi nina kaskazini-kusini, na ni miamba ya ukanda mmoja, tena si mbali kutoka Same hadi Taita. Nani kapima vibaya?

#14 Shisti Nyeusi
Mmoja wenu alisahau kuweka dira mbali na nyundo. Mimi sisemi nani 😄 jina lake lenyewe linamsuta.

#15 Dira na Nyundo
😂 Shisti, nyundo yangu naiacha hatua kadhaa nyuma kila nikipima, chuma chake kisivute dira. Tuendelee.

#16 Mama Ganeti
Hakuna aliyepima vibaya. Fikirieni mwamba wenye joto la nyuzi 800 uliobanwa kutoka mashariki. Magharibi kuna kratoni, baridi, nene, ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, haisogei. Juu kuna mzigo. Mwamba laini utakimbilia wapi? Utatiririka kwa ubavu, kaskazini au kusini. Mgongano ukawa wa mashariki-magharibi, na mnyoosho ukawa wa kaskazini-kusini, bila mabara kupishana hata kidogo. Ni sawa na unga uliokandwa ukibanwa kati ya kiganja na ukuta: hutokea pembeni.

Pale ambapo mwamba ulikuwa na baridi kidogo zaidi, ukashindwa kutiririka, ukapanda juu ya jirani yake. Hapo unapata vipimo vya Dira.

#17 Kijana wa Voi
Maelezo mazuri mama, lakini yanaeleza kila kitu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Nikileta mnyoosho wa mashariki utasema ulikuwa baridi, nikileta wa kaskazini utasema ulikuwa moto. Tungehitaji joto la kila mahali lipimwe pamoja na mnyoosho, jiwe kwa jiwe.

Tena kuna jambo la tatu hamjaligusa. Mkunjo ukikazwa sana, mhimili wake wenyewe huzunguka na kufuata upande wa mnyoosho, hadi mkunjo unakuwa mrefu na mwembamba kama ala ya upanga. Kwa hiyo mistari mingine tunayoipima si mnyoosho halisi, ni mihimili ya mikunjo. Tukivichanganya viwili hivyo kwenye daftari moja tumekwisha.

#18 Apolo Mstaafu
Wakuu, mimi si msomi, nimechimba Mererani miaka mingi. Naomba niseme la kwetu.

Sisi hatukuwa na neno mgongano wala bamba. Tulikuwa tunafuata mwamba mweusi wenye kinywe (grafaiti). Mwamba huo haukai sawa, unakunja, unarudi, unabana mpaka unakuwa mwembamba kabisa, halafu unavimba tena. Ulipobana hakuna kitu. Ulipovimba, na hasa pembeni ya uvimbe panapoanza kukatika, hapo ndipo unachimba kwa adabu, maana mfuko wa tanzanaiti unaweza kuwa hapo. Na kwenye kona ya mkunjo pia. Aliyejua kusoma mkunjo alikula, asiyejua alitoboa mwamba mkavu mwaka mzima.

#19 Ulanga Tupu
Amekuja na tanzanaiti, uzi wa milima ya kale umeshapotea 😀. Mzee Apolo, mfuko mmoja umebaki wapi tukutembelee?

#20 Mama Ganeti
Ulanga, usimcheke, mzee ametoa somo la muundo lililo bora kuliko yote humu. Anachokieleza ni tabaka gumu lililo katikati ya tabaka laini. Vyote vikinyooshwa, laini linatiririka, gumu linakatika vipande vipande na kuacha nafasi kati yake. Tunaviita vipande hivyo budini. Kwenye nafasi hizo na kwenye kona za mikunjo mgandamizo hushuka, maji ya moto yenye madini hukimbilia huko, na fuwele hupata chumba cha kukua.

Rangi ya buluu ya tanzanaiti inatokana na elementi ya vanadi, na vanadi ilikuwemo kwenye matope ya kale ya baharini pamoja na mabaki ya viumbe ambayo yaligeuka kinywe. Ndiyo maana mzee alifuata mweusi. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, lakini umri wake wenyewe ni karibu miaka milioni 585, yaani imezaliwa muda mrefu baada ya mpiko mkubwa wa miaka milioni 640, wakati miamba inapoa na kupanda.

Na kinywe kina kazi nyingine. Kinateleza. Tabaka la kinywe au la marumaru likiwemo kati ya naisi ngumu, msogeo wote hukusanyika humo. Nikitafuta mahali vipande vikubwa vya miamba vilipopandiana, naanza na marumaru na shisti za kinywe, yaani miamba ya matabaka membamba.

#21 Apolo Mstaafu
Asante mama. Ulanga, mfuko ulipobaki nakuelekeza ukija na compressor yako.

#22 Fundi Marumaru
Hiyo ya marumaru imenigusa. Kuna mtu mkoani Morogoro aliyenunua eneo akiambiwa lina mikanda mitatu ya marumaru, mmoja nyuma ya mwingine mlimani. Akapiga hesabu ya tani kwa mikanda mitatu kwenda chini bila mwisho. Tulipochimba, mkanda wa kwanza na wa pili vikaungana chini kama herufi U. Chini ya hapo ni naisi tupu. Ni tabaka moja tu lililokunjwa, na mlima umekatwa na mmomonyoko likaonekana mara tatu.

Ninachotaka kuwaambia wenye vitalu: kabla ya hesabu ya tani, tafuta kona ya mkunjo iko wapi na mhimili wake unashuka upande gani. Ramani za jiolojia zipo, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ya Dodoma inazo. Zinaonyesha mwelekeo na mwinamo kwa alama ndogo ambazo wengi wanazipita bila kuzisoma.

#23 Dira na Nyundo
Fundi umesema kweli tupu. Na ujanja wa haraka uwandani ni mikunjo midogo. Mikunjo midogo iliyo ubavuni mwa mkunjo mkubwa huwa imeegemea upande mmoja, ukiitazama kwa kufuata mhimili inafanana na Z au S. Ikibadilika kutoka Z kuwa S ujue umevuka kona. Pale kwenye kona yenyewe inakuwa kama M. Tabaka la kilomita unalisoma kwenye jiwe la ukubwa wa kiganja.

Turudi kwenye swali. Naona watu wote humu wamekubali mgongano wa mabara, wanabishana upande tu.

#24 Mama Ganeti
Mimi sijakubali Dira. Nilikuwa nasubiri.

Mgongano wa mabara una alama yake. Mwamba unazikwa kwanza, mgandamizo unapanda haraka, joto linafuata nyuma kwa kuchelewa kwa sababu mwamba hupitisha joto polepole. Kisha milima inamomonyoka, mwamba unapanda juu ungali moto. Ganeti zinavunjika, zinazungukwa na madini ya mgandamizo mdogo. Ukichora mgandamizo na joto kwenye karatasi, njia inazunguka kama mshale wa saa.

Miamba ya Pare, Usambara na Uluguru haionyeshi hivyo. Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk waliandika mwaka 1998 kwamba njia yake inazunguka kinyume cha saa. Kwanza moto, mgandamizo ukaja baadaye, kisha mwamba ukapoa palepale ulipokuwa, chini kabisa, bila kupanda. Kwenye mawe unaona ganeti mpya zimeota kama pete kuzunguka madini ya piroksini, na kayanaiti imechukua nafasi ya silimanaiti. Hayo ni mawe yaliyokaa kilomita 30 na zaidi chini yakipoa kwa utulivu. Wao wakasema chanzo cha joto ni magma iliyojipanga chini ya ganda la dunia kwenye ukingo wa bara, pale bamba la bahari lilipokuwa linazama. Mabara hayajagongana bado.

#25 Kitabu Kimechakaa
Mama Ganeti, hapo kuna swali la unene. Miamba hiyo ilikuwa kilomita 35 chini, sasa ipo juu tunaikanyaga. Lakini wataalamu wa mitetemo wakipima ganda la dunia chini ya ukanda huu leo wanapata bado kilomita 35 hadi 40. Jumlisha. Wakati ule ganda lilikuwa karibu kilomita 70, kama Tibet ilivyo leo. Magma peke yake ikatengeneza kilomita 70?

#26 Mama Ganeti
Kitabu, jumla yako inadhani kwamba kilichopo chini leo kilikuwepo chini siku hiyo. Magma iliyojipanga kwa chini inaongeza unene kutoka chini, na miamba kupandiana baadaye inaweza kuteleza kipande chenye moto juu ya kingine. Si lazima vyote viwepo kwa wakati mmoja.

#27 Kitabu Kimechakaa
"Si lazima" si ushahidi mama. Nataka kuona hiyo magma. Iko wapi?

#28 Mama Ganeti
Nenda Uluguru kwa Mkaa Bondwa. Kuna anothosaiti pale, mwamba mweupe wa feldispa uliotokana na magma ya chini sana, na ni ya zamani kidogo kuliko mpiko wenyewe. Haitoshi kujaza kilomita zote, nakubali. Lakini ipo.

#29 Punje ya Zirikoni
Nimesoma kimyakimya tangu jana. Naona mnabishana juu ya tukio moja, kumbe ni mawili au zaidi.

Umri tunaupata kwenye punje za madini ya zirikoni na monazaiti. Urani inageuka madini ya risasi kwa kasi inayojulikana, nusu ya urani 238 inakwisha kwa miaka bilioni 4.47, unapima kilichobaki. Upande wa mashariki, yaani Pare, Usambara, Uluguru, umri unaangukia karibu milioni 655 hadi 610. Ukisogea magharibi kuelekea kratoni unakuta miamba mingine iliyopikwa karibu milioni 550, na hiyo njia yake ya joto ni ile ya mshale wa saa. Inawezekana Mama Ganeti anasema kweli kuhusu ule wa kwanza, na Mkaa Bondwa anasema kweli kuhusu wa pili.

Na kuna la zaidi. Kwenye Ukanda wa Usagara, kusini-mashariki mwa kratoni, kuna eklojaiti za miaka bilioni 2. Eklojaiti mara nyingi ni mwamba wa sakafu ya bahari uliozamishwa chini sana. Mwamba mwingine wa magharibi ni wa zamani hivyo au zaidi, umekunjwa tena na matukio haya mapya. Kwa hiyo Mkaa Bondwa anapoona mkunjo juu ya mkunjo, je, ni mikunjo ya siku mbili za tukio moja, au imepishana kwa mamilioni mengi ya miaka? Kwa macho huwezi kujua.

#30 Kijana wa Voi
Punje, hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Kama mnyoosho wa mashariki-magharibi ni wa milioni 640 na wa kaskazini-kusini ni wa 550, tumemaliza ugomvi wangu na Dira.

#31 Dira na Nyundo
Hatujamaliza. Kwenye Pare mnyoosho wangu umo ndani ya madini yaliyokaa nyuzi 800. Kama kwenu Taita mnyoosho umo ndani ya granulaiti (miamba iliyopikwa kwa joto kubwa hivyo) za namna ileile, basi ni wa wakati uleule. Ungekuwa wa 550 ungekuta madini ya joto dogo zaidi yameota kwenye mistari hiyo. Umetazama?

#32 Mchimba Visima
Wazee, naomba niingilie. Kazi yangu ni visima. Watu wa Same na Mwanga wananiuliza kila siku, mbona kisima cha jirani kina maji na changu kikavu, na umbali ni wa kupiga kelele? Kwenye naisi maji hayakai ndani ya jiwe, yanakaa juu kwenye udongo wa mwamba uliooza na kwenye nyufa. Nyufa nyingi zinafuata foliesheni. Foliesheni ikiinama mashariki, nachimba upande wa mashariki wa ufa niufuate chini. Sijui miaka milioni 640, ila mwinamo unanilisha.

#33 Mkaa Bondwa
Asanteni wote, hamjanijibu sehemu ya mwisho. Milima ya leo ni ileile au si ileile? Shengena kule Pare ni mita 2,462. Kwetu Uluguru zinapita 2,600. Haiwezi kuwa bahati tu.

#34 Kitabu Kimechakaa
Si ileile. Ushahidi uko Tanga. Mashapo ya Karuu, yaliyoanza kutandazwa yapata miaka milioni 300 iliyopita, yamelala juu ya naisi. Maana yake kufikia hapo kilomita 30 na zaidi zilikuwa zimeshaondolewa na mizizi iko wazi. Mlima wa kale ulikwisha. Milima ya leo imeinuliwa upya na mipasuko: tazama ukuta wa Pare na Usambara unavyoporomoka wima kuelekea bonde la Pangani, au bonde la Lwengera linavyoikata Usambara vipande viwili. Hiyo ni kazi ya mipasuko ya Bonde la Ufa. Miamba ni ya kale, urefu ni wa juzi.

#35 Punje ya Zirikoni
"Juzi" napinga. Punje za madini ya apataiti huhifadhi alama za lini mwamba ulipoa chini ya nyuzi mia moja na kidogo, na za eneo hili zina historia ya kupoa enzi za Kretasia, kabla ya Bonde la Ufa. Mipasuko mingine inaweza kuwa ilifunguka wakati wa Karuu, ikafufuliwa baadaye.

#36 Shisti Nyeusi
Na ile mipasuko yenyewe inafuata wapi? Ukitazama ramani, mingi inakwenda sambamba na foliesheni ya kale. Kwa hiyo hata kama mlima ni mpya, aliyechora mstari wa kukatia ni yule wa kale. Mkaa Bondwa asiachwe mikono mitupu.

#37 Kitabu Kimechakaa
Mingi, si yote. Lwengera inakata kona. Lete ramani tuhesabu.

#38 Kijana wa Voi
Dira, nimetazama vipande vyangu vya Kasigau. Kwenye viwili mnyoosho umo ndani ya piroksini na feldispa, moto kama unavyosema. Kwenye cha tatu mistari imejaa ulanga mweusi na hornblendi, hiyo ni ya baridi zaidi. Mwelekeo ni uleule, kaskazini-kusini, kwa vyote vitatu.

#39 Dira na Nyundo
Basi upande mmoja ulirudiwa mara mbili, au mmoja ulidumu muda mrefu mwamba ukipoa. Monazaiti za hicho cha tatu zipimwe umri. Unazo?

#40 Kijana wa Voi
Ninazo. Sina mashine.

#41 Punje ya Zirikoni
Nitumie ujumbe wa faragha. Na wewe Dira, tuma kipande cha Pare chenye mkia wa feldispa, tuvipime pamoja.